Half-Life: Alyx: Gemu Iliyomwagiwa Sifa, Ikachezwa na Wachache

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Naanza na siku nne za mwezi Machi 2020, maana mada yetu yote imo ndani ya siku hizo.

Ijumaa tarehe 20 zilitoka gemu mbili kubwa: Doom Eternal, na Animal Crossing: New Horizons ya Nintendo Switch. Jumatatu, tarehe 23, kampuni ya Valve ikatoa Half-Life: Alyx, gemu inayochezwa kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya gemu. Mfululizo wa Half-Life ulikuwa kimya tangu Oktoba 2007. Miaka 12 na ushei watu wanasubiri, wengine wameshakata tamaa, halafu gemu inakuja na ni nzuri kweli. Wahakiki waliipa wastani wa 93 kati ya 100 kwenye Metacritic. Mwisho wa mwaka ikachukua tuzo ya gemu bora ya uhalisia pepe kwenye The Game Awards.

Sasa tazameni waliocheza. Doom Eternal ilivuka watu 100,000 waliokuwa ndani ya gemu kwa wakati mmoja pale Steam, duka la Valve la gemu za kompyuta mtandaoni. Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya tangu 2012, mwezi uleule ilivuka milioni 1. Animal Crossing iliuza nakala milioni 11.77 kabla Machi haijaisha. Alyx, kilele chake kilikuwa watu 42,000 na kitu.

Kwa gemu ya miwani hiyo ni namba kubwa, na ni haki tuseme hivyo. Takwimu za vifaa ambazo Steam huzitoa kila mwezi zilionyesha Aprili 2020 kwamba kompyuta zilizounganishwa na miwani ya uhalisia pepe hazikufika 2 kwa kila 100, na hapo idadi ilikuwa imeruka juu kwa sababu ya Alyx yenyewe. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya nyumba waliila karamu vizuri. Kitendawili kiko nje: kwa nini wale 98 hawakuingia? Walikuwa na hamu. Wengi walikuwa wamezimaliza Half-Life zote, wengine mara mbili mbili. Na Valve ilizifanya gemu za zamani za mfululizo kuwa bure tangu Januari mpaka siku ya kutoka Alyx, kuwachokoza.

Jibu la haraka ni bei, nami nitalipita upesi kwa sababu wote mnalijua. Seti kamili ya Valve Index, yaani miwani, vidhibiti viwili vya mkononi na vituo viwili vya leza, ilikuwa dola 999. Miwani peke yake dola 499, vidhibiti dola 279, kituo kimoja cha leza dola 149. Gemu yenyewe dola 60 kasoro senti, ingawa aliyenunua Index alipewa bure. Juu ya hapo kompyuta: prosesa ya Core i5-7500 au Ryzen 5 1600, RAM gigabaiti 12, kadi ya michoro ya GTX 1060 au RX 580 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Palikuwa na njia za bei nafuu, kwa mfano Oculus Rift S ya dola 399, au Oculus Quest ya bei hiyohiyo ukiichomeka kwenye kompyuta kwa kebo. Hata hivyo kompyuta ilikuwa haikwepeki. Na waliokuwa na pesa mkononi walikuta mzigo hakuna: Index iliisha madukani Januari 2020, na janga la korona likaja kuvuruga viwanda wakati ambao ndio ingezalishwa kwa wingi.

Lakini bei hulipwa mara moja ikaisha. Yapo malipo mengine ambayo unadaiwa kila siku unapotaka kucheza, na hayo hayaandikwi kwenye boksi. Hayo ndiyo nataka tuyakalie jioni hii, kwa sababu yanaeleza jambo ambalo bei hailielezi: kwa nini hata aliyenunua aliacha katikati, na kwa nini rafiki yake aliyeona hakununua.

Tuifunge seti ya Index, hatua kwa hatua. Mtu amefungua boksi leo.

Kwanza nafasi. Ili utembee chumbani kwa miguu yako, programu inadai eneo lisilo na kitu la mita 2 kwa mita 1.5. Hilo ni eneo la kukanyaga, mkono haumo. Mtu akinyoosha mkono akiwa ukingoni anazidi mpaka kwa sentimita 60 au 70, na huko ndiko kuliko skrini ya kompyuta, ukuta na taa ya darini. Wanaovunja taa mara nyingi hawakuwa wamekosea kupima sakafu. Walisahau kupima juu.

Pili, vituo vya leza. Vinakaa kwenye pembe mbili zinazotazamana, juu ya mita 2 kutoka sakafuni, vimeinamishwa chini kiasi cha digrii 30, kila kimoja na soketi yake ya umeme. Kazi yao ni kufagia chumba kwa leza ya infraredi. Sensa zilizotapakaa kwenye miwani na vidhibiti zinasoma leza imezipiga saa ngapi hasa, na kutokana na hapo kompyuta inakokotoa kichwa kiko wapi na kimeelekea upande gani. Ufundi wa hali ya juu. Ila kioo cha kabati kinairudisha ile leza, na dirisha usiku hufanya vivyo hivyo, na meza ya kioo, na picha yenye fremu ya kioo. Hapo dunia inaanza kurukaruka: umesimama palepale, unajiona umesogea nusu mita kisha umerudi. Dawa yake ni shuka juu ya kioo. Ukikiweka kituo juu ya rafu inayotikisika watu wakipita, dunia nzima inatikisika nawe. Na vituo viwili vikiwa kwenye chaneli moja, kimojawapo kinakataa kufanya kazi na taa yake inakuonya, kama unajua maana ya ile taa.

Tatu, waya. Miwani ya Index inataka tundu tatu: DisplayPort ya picha, USB 3 ya data, na umeme wake wenyewe. Hapa wenye kompyuta za mapajani waliumia sana. Kompyuta nyingi za mapajani za gemu zilikuwa na HDMI tu, na Index haikubali HDMI. Nyingine zina DisplayPort, lakini imeungwa kwenye kadi ndogo ya michoro iliyomo ndani ya prosesa badala ya ile kubwa, hivyo miwani inabaki kiza. Mtu ana kadi ya michoro yenye nguvu inayotosha kabisa, ana dola 999, na bado hachezi kwa sababu ya tundu. Hesabuni soketi sasa: miwani moja, vituo viwili, kompyuta, skrini. Vidhibiti navyo vinachajiwa.

Nne, macho. Umbali kati ya mboni mbili za macho ni karibu milimita 63 kwa mtu mzima wa wastani, ila watu hawafanani. Lenzi za Index zinasogezwa kati ya milimita 58 na 70. Ukiwa nje ya hapo, au ukiwa ndani ya hapo lakini hukurekebisha, picha inafifia kwenye kingo, macho yanachoka, kichwa kinauma baada ya dakika 20, nawe unahitimisha kwamba miwani hii haifai. Kupima ni rahisi. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, weka rula juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa, fungua la kulia ufunge la kushoto, kisha soma milimita kwenye katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu, chukua wastani. Ni kazi ya dakika mbili, na watu wengi hawaifanyi kwa kuwa hawajaambiwa. Tena, kila anayekuazima miwani nyumbani anakuja na milimita zake, na akikurudishia inabidi uirekebishe upya. Wenye miwani ya kusomea wana tabu ya ziada: lenzi zikigusana zinachunana, na mkwaruzo kwenye lenzi ya ndani hautoki.

Haya, umefunga. Hiyo ilikuwa kazi ya siku ya kwanza. Kesho jioni una dakika 45 kabla ya kulala na unataka kucheza. Sogeza meza. Washa kompyuta, fungua SteamVR, programu ya kuendeshea miwani. Amsha vituo. Washa vidhibiti, kimoja hakina chaji, kingine kinataka sasisho. Vaa miwani, kaza nyuma, kumbe sakafu imepanda mpaka magotini. Rudia kupima sakafu. Lenzi zimefanya ukungu kwa sababu ni baridi na uso una joto, subiri. Mambo yakienda sawa umetumia dakika 5. Yakigoma, 15 au 20. Yule wa Doom Eternal ameshaua mashetani kiwanja kizima, amesimamisha gemu, amejibu ujumbe wa simu, amerudi.

Na kuna jambo ambalo watengenezaji wa miwani hawapendi kulitaja: ukishavaa, umejifungia. Huoni anayeingia, husikii anayekuita, hujui mtoto yuko wapi miguuni. Mtu wa kwenye kochi anacheza huku yumo nyumbani. Wewe hadi uage. Mtu mwenye familia anaweza kuwa na hamu tele na dola tele, akakosa nusu saa ya kutokuwepo.

Tuingie mwilini, maana huko ndiko wengi walikoshindwa kabisa.

Skrini za Index zinaonyesha picha mara 80 kwa sekunde kwa uchache, hadi mara 144. Kwa 90, kompyuta ina milisekunde 11.1 kuchora picha mbili, moja ya kila jicho. Kila jicho lina skrini ya pikseli 1440 kwa 1600, lakini kuchora kiasi hicho hakutoshi. Lenzi inaivuta picha, kwa hiyo programu inaikunja kinyumenyume kwanza, na ili katikati pasipoteze ukali inabidi uchore kubwa zaidi, kwa kawaida kama mara 1.4 kila upande. Hiyo ni 2016 kwa 2240 kwa jicho, pikseli milioni 9 kwa macho mawili, mara 90: pikseli milioni 813 kwa sekunde. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ikienda mara 60 inataka milioni 124. Mzigo ni mara sita na nusu, na bado gemu ile inatakiwa ipendeze.

Kwenye skrini ya mezani, picha moja ikichelewa unaona gemu imekwama kidogo, unatukana, unaendelea. Ndani ya miwani kichwa kimegeuka na dunia haijageuka. Lengo la mafundi ni kwamba tangu kichwa kitikisike mpaka picha ibadilike zisipite milisekunde 20. Zikipita, tumbo linajua kabla ya akili. Valve walilishughulikia hili kwa ustadi: Alyx inapima kazi inavyokwenda na kupunguza ukubwa wa picha kimyakimya kadi inapoelemewa, ili wakati usivunjwe. Ndiyo maana ilienda hata kwenye GTX 1060. Sijaona gemu nyingi za aina hii zenye nidhamu hiyo.

Ila ipo kero moja ambayo hakuna kadi inayoitibu. Kwenye sikio la ndani kuna vijifereji vyenye majimaji, navyo vinauambia ubongo kama mwili unakwenda au umetulia. Gemu ikikusogeza mbele kwa kitufe, macho yanasema tunakwenda, sikio linasema tumesimama. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, na jibu lake ni kichefuchefu, jasho baridi na kizunguzungu kinachoweza kukaa saa kadhaa baada ya kuvua. Watu hawalingani. Mmoja hasikii kitu, mwingine dakika tatu tu ameshika ukuta.

Alyx iliweka njia nne za kutembea. Ya kwanza inaitwa Blink: unalenga mahali, picha inafumba, unajikuta umefika. Ya pili, Shift, inakutelezesha haraka mpaka ulipolenga. Mbili nyingine ni za kwenda mfululizo, moja ikifuata uelekeo wa kichwa, nyingine wa mkono. Mgeni kabisa aanze na Blink, na kugeuka kuwe kwa mkato badala ya kuzunguka polepole. Dakika 15 siku ya kwanza. Feni ikipuliza upande mmoja inasaidia, kwa sababu mwili unapata alama ya kudumu ya mbele ni wapi. Dalili ya kwanza ya kichefuchefu, vua papo hapo. Anayejikaza hazoei, anaufundisha mwili wake kuichukia ile miwani, na kesho yake harufu ya plastiki tu inamrudishia hali ileile.

Hapa pana mtego uliowanasa hasa wapenzi wa zamani wa Half-Life. Hawa wamezoea kipanya, wanakimbia na kuruka kwa kasi tangu 1998. Ukiwapa Blink wanaiona kama mkongojo. Kwa hiyo siku ya kwanza wanachagua kwenda mfululizo, wanaugua, wanaitupa. Anayekubali Blink hapati tabu ya tumbo, ila analalamika kwamba haendi, anarukishwa. Kundi lililokuwa na hamu kubwa kuliko wote ndilo lililokuwa na mazoea mabaya kuliko wote.

Sasa tuje kwenye gemu yenyewe, kwa sababu mtu makini ataniuliza: kwa nini wasingeitoa pia kwa kipanya na kibodi, kila mtu acheze?

Shikeni bastola ya Alyx tuone. Risasi zimekwisha, askari wawili wako nyuma ya gari. Unabonyeza kitufe, magazini tupu inadondoka sakafuni. Mkono wa kushoto unaupeleka nyuma ya bega, kwenye begi usiloliona, unashika magazini mpya. Unaileta mbele, unaitia chini ya mpini mpaka ilie, kisha unaingiza risasi ya kwanza chemba. Ukikurupuka, magazini inapita pembeni. Wengine huidondosha wakainama kuitafuta gizani. Wengine huitoa magazini iliyojaa, ikaanguka, risasi zake zikapotea. Bunduki ya marisau ina mtindo wake: unaikunjua, unatia risasi moja moja, unaifunga kwa kutikisa kifundo cha mkono. Kati ya silaha tatu za gemu nzima, hakuna hata moja inayojijaza yenyewe.

Kwa sababu hiyo maadui ni wachache. Askari wawili watatu kwa pamoja ni vita kamili, kwani sekunde nne za kujaza bastola kwa mikono inayotetemeka ni ndefu kama foleni. Ule mtaimbo (crowbar) ambao ndio nembo ya mfululizo haumo. Waliwahi kuujaribu, ukawa unakwama milangoni na kugonga vitu bila mchezaji kukusudia. Zile glavu za mvutano zipo kwa sababu kuinama kuokota kila kitu kunachosha mgongo: unanyoosha kiganja kwenye kopo lililo mbali, unakunja kifundo cha mkono, linaruka kuja, unalidaka hewani. Kudaka ndiko raha yenyewe. Vyumba ni vidogo, mwendo ni wa polepole, na mchezaji anatumia dakika nzima akipekua makabati na kugeuza chupa mwangani.

Ichukueni gemu hiyo muiweke kwenye kipanya. Kujaza bastola ni kubonyeza R. Kudaka ni kubonyeza E. Maadui wawili wanakufa kwa nusu sekunde. Kilichobaki ni gemu ya polepole yenye maadui wachache na korido nyingi. Kila uamuzi uliotengeneza ile 93 unakuwa kasoro. Hatuhitaji kubuni: mafundi wa kujitolea walishatoa marekebisho yanayoiwezesha Alyx kuchezwa bila miwani, na yanafanya kazi. Hadithi ipo, mandhari ya City 17, mji wa hadithi hiyo, yapo, na anayetaka kujua hadithi inavyoishia atafika mwisho. Mikono ndiyo haipo.

Na hilo linatuleta kwenye tangazo. Gemu za kawaida zinauzwa kwa video: unachokiona ndicho utakachokipata. Video ya Alyx inaonyesha picha bapa inayotikisika, kwa kuwa kichwa cha mtu hakitulii hata sekunde moja na yeye mwenyewe hajui. Kina hakimo. Ukubwa haumo, lile jini la miguu mitatu linalopanda juu ya jengo mwanzoni mwa gemu, ukiwa ndani unakunja shingo, ukiwa nje ni umbo kwenye skrini. Tazameni sura ya saba, inayoitwa Jeff. Kuna kiumbe kipofu anayesikia kila kitu, na chumba kimejaa chupa zilizokaa mahali ambapo ukifungua mlango ovyo zinaanguka. Hewa ina vumbi la kuvu linalomkohoza Alyx, mhusika unayemcheza, na akikohoa umekwisha. Kinga ni kufunika mdomo: unaleta mkono wako halisi mbele ya mdomo wako halisi. Mkono mmoja mdomoni, mmoja unabaki, na mlango unafunguliwa kwa huohuo mmoja, na chupa ikianza kuyumba unaidaka kwa upi? Aliye ndani amebana pumzi zake mwenyewe. Anayetazama video anaona kiza, mlango uliofunguka kidogo, na mkono usiosogea kwa nusu dakika. Atanunua nini hapo?

Linganisheni na Beat Saber, iliyoanza kuuzwa Mei 2018 na kundi dogo sana la watengenezaji, na kufikia nakala milioni 1 chini ya mwaka mmoja. Vitalu vinakuja na mdundo, unavikata kwa panga mbili za mwanga. Anayetazama anaelewa kwa sekunde kumi. Hutembei popote, kwa hiyo sikio na macho havigombani. Eneo la kusimama linatosha. Wimbo ni dakika tatu nne, unavua, unampa mwenzako, naye anacheka akijaribu. Mwaka 2019 ikaingia kwenye Oculus Quest isiyohitaji kompyuta, waya wala vituo vya leza. Kwa ufundi wa kusimulia na kupanga mandhari haifiki kwa Alyx hata robo, na mimi kati ya hizo mbili najua ipi nitaikumbuka. Lakini yale malipo ya kila siku niliyoyataja, karibu yote imeyafuta.

Kuna pigo lingine ambalo ni la hesabu tupu. Alyx inamalizika kwa saa 12 hadi 15. Mtu aliyenunua seti ya dola 999 kwa ajili yake, baada ya wiki mbili anauliza: na sasa? Jibu lilitakiwa liwe gemu nyingine za uzito huo, na hazikuwepo, kwa sababu ambayo kila mwenye kampuni aliiona mapema. Alyx ilishughulikiwa na watu wapatao 80, kundi kubwa kuliko yote ambayo Valve iliwahi kuliweka kwenye gemu moja, kwa kazi iliyoanza 2016. Valve inamiliki Steam; inapata fungu kwa kila gemu inayouzwa humo, iwe yake au ya mwingine. Kampuni isiyo na duka la namna hiyo haiwezi kuajiri watu 80 kwa miaka minne iwauzie wateja 2 kati ya 100. Kwa hiyo gemu iliyotakiwa kufungua njia iliwaonyesha wenzake gharama ya kuipita, nao wakageuka.

Waliobaki kwenye biashara hii walijifunza kukwepa. Quest 2 ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299, kompyuta ndani yake yenyewe, na ndiko wateja wa miwani walikohamia. Ila chipu ya namna ya simu haiwezi kuibeba Alyx, kwa hiyo gemu bora ya uwanja huu ikabaki upande ambao umma haukwenda, labda uwe na kompyuta yenye nguvu na kebo au Wi-Fi isiyoyumba. Sony, walipoleta PlayStation VR2 Februari 2023 kwa dola 549.99, waliiwekea Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, hali ya miwani bila malipo ya ziada. Hiyo naiona kuwa njia yenye akili zaidi: gemu ilishajilipa kwa wachezaji wa skrini, mchezaji ameketi, mikono iko kwenye usukani, na mwili umeshazoea tangu zamani kuwa ndani ya gari macho yakienda na makalio yakikaa. Hata hapo wapo wanaougua, hasa kwenye kona kali.

Nimalizie hapa, kwa sababu mezani kuna seti ya Index imeshafungwa na vioo vimefunikwa. Anayetaka kujaribu aje na milimita zake. Rula na kioo viko kwenye kiti cha mwisho kulia. Itakuwa Blink, kugeuka kwa mkato, dakika 15 kila mtu, na feni imewashwa. Miwani ni moja na humu ndani mko wengi, kwa hiyo wengine itabidi mtazame kwenye skrini.